"Mwanao amelazwa, tuma hela": Kata simu, kisha piga wewe

Karibu kila mwenye simu nchini ameshapokea ule ujumbe wa "hiyo hela tuma kwenye namba hii". Tumeuzoea mpaka umegeuka utani. Watu wanausoma kwa sauti ndani ya daladala, abiria wanacheka, kisha unafutwa.

Upo ujumbe mwingine ambao hakuna anayeucheka. Simu inaita, na sauti tulivu inasema: "Habari mzazi, naongea kutoka hospitali. Mwanao ameanguka shuleni, ameumia kichwa. Tunamuandaa kwa kipimo sasa hivi, lakini inatakiwa laki na themanini. Tuma kwenye namba hii ya daktari, usikate simu." Mzazi yuko Tunduma dukani, au Chunya machimboni, au Mbarali shambani, na mtoto yuko bweni hapa Mbeya. Kabla hajakaa chini, hela imeshakwenda.

Wapo watakaouliza kwa nini daktari anaandika habari za matapeli kwenye safu ya afya. Jibu ni kwamba utapeli huu unaishi kwa kutumia jina letu. Unavaa koti letu jeupe, unataja dawa zetu, na unachota fedha ambazo kesho mgonjwa wa kweli atazihitaji. Nami naamini kinga yake inafundishika, kama tunavyofundisha kunawa mikono na kulala ndani ya chandarua.

Chambo ni hofu

Wataalamu wa mitandao wanauita wizi huu kwa jina linalotamkwa sawasawa na neno la Kiingereza la kuvua samaki. Ulianza kujulikana kwenye miaka ya 1990 kwa baruapepe zilizojifanya zimetoka kwa kampuni zinazoaminika, zikimtaka msomaji aandike namba ya siri au namba ya kadi. Kwetu, tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza mwaka 2008, bahari kubwa ya uvuvi huo imekuwa simu ya mkononi. Chambo kinabadilika: zawadi, ajira, mkopo, mganga, mtoto mgonjwa. Ndoano ni ile ile: nipe fedha, au nipe taarifa zitakazonifikisha kwenye fedha zako.

Wazazi wengi wananiuliza, "Daktari, mbona alijua nina mtoto bweni?" Mara nyingi hakujua. Tapeli anapiga namba nyingi kwa siku, na mzazi mwenyewe ndiye anayemjazia fomu. Anaposema "mwanao ameumia", mzazi anaropoka, "Yupi, wa Iyunga?" Naye anajibu, "Ndiyo, huyo huyo wa Iyunga." Dakika moja baadaye tapeli ana jina la mtoto, jina la shule na kidato, vyote kutoka kinywani mwa mzazi.

Nyingine tunazigawa bila kujua. Orodha za wazazi zenye majina na namba za simu zinazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu mia mbili. Picha ya kadi ya kliniki inawekwa kwenye status kwa furaha ya mtoto mchanga. Hata karatasi zenye majina na namba za simu za watu nimeziona zikifungia karanga kituo cha basi.

Kinachotokea mwilini

Waliotapeliwa huwa wanajilaumu kwamba ni wajinga. Si kweli. Nimewaona walimu, wahasibu na hata wahudumu wa afya wakinaswa.

Mtu anapopata habari ya kutisha, mwili unamwaga homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoka jasho. Akili inajikusanya kwenye jambo moja tu: kumwokoa mtoto. Mwili huo ni mzuri sana kwa kukimbia moto au kumnyakua mtoto barabarani. Ni mbaya sana kwa kusoma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala. Tapeli anaijua hali hiyo, ndiyo maana anakuambia usikate simu. Ukikata, ukakaa, ukapumua mara tano na kumweleza mtu wa pili kilichotokea, akili inaanza kurudi. Utapeli mwingi unakufa hapo hapo.

Dalili zake

Kama tunavyofanya kwa ugonjwa wowote, tuanze na dalili.

Ya kwanza ni haraka isiyokupa nafasi ya kuuliza. "Sasa hivi", "dakika kumi", "mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji."

Ya pili ni kukutenga na wengine. "Usikate simu", "usimwambie mama yake atapata presha", "mwalimu mkuu yuko kwenye kikao, usimpigie."

Ya tatu ni fedha kwenda kwenye namba ya mtu binafsi, yenye jina lisilofanana na hilo alilojitambulisha. Anasema yeye ni Dokta fulani, jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, na ana maelezo tayari: "Hiyo ni ya muuza dawa."

Ya nne ni kuulizwa kitu ambacho mwenye haki angekuwa nacho tayari, au hakihitaji kabisa. Bima haihitaji namba ya siri ya simu yako ili kuhuisha kadi. Hospitali haihitaji zile tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi. Anayezitaka hizo anataka kufungua mlango wako.

Ya tano ni linki. Ukipokea ujumbe au baruapepe yenye linki, soma anwani ya tovuti ukianzia mwisho wa jina lake. Tovuti za serikali ya Tanzania zinaishia na nukta, go, nukta, tz. Anwani iliyoandikwa "afya-go-tz" kwa vistari halafu ikamalizikia na "nukta com" si ya serikali, hata kama ina nembo ya taifa na bendera. Nembo inanakiliwa na mtoto wa darasa la tano. Hali ni hiyo hiyo kwa mashirika ya kimataifa. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa tahadhari kwamba wahalifu wanatuma baruapepe kwa jina lake, na likawakumbusha watu kwamba anwani zake zinaishia na who.int.

Hospitali inavyofanya kazi

Dawa mojawapo ya uongo ni kuujua ukweli. Basi nieleze tunavyofanya kazi.

Mgonjwa wa dharura anahudumiwa kwanza, habari ya malipo inafuata. Hakuna daktari anayestahili jina hilo atakayeshika dripu mkononi akisubiri muamala uingie. Damu haiuzwi, inachangiwa na watu na kutolewa kwa wanaoihitaji, hivyo anayekuomba hela ya "chupa mbili za damu" kwa simu anakudanganya au anavunja utaratibu. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 wana msamaha wa malipo kwa mujibu wa sera ya afya kwenye vituo vya umma. Na panapokuwa na malipo kwenye hospitali ya serikali, yanafanyika kwa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, inayotoka kwenye mfumo wa serikali. Ukiingiza namba hiyo kwenye simu, anayeonekana kulipwa ni taasisi. Haiwezi kuwa simu ya Dokta wala ya Sista.

Kwa hiyo hata kama anayekupigia ni mtumishi wa kweli, amevaa sare na ana kitambulisho, akitaka hela iingie kwenye simu yake, una haki ya kukataa na kuomba kontroo namba na risiti. Si utovu wa adabu.

Hasara isiyohesabiwa

Fedha zinazoibwa zinaumiza, lakini kuna hasara nyingine ambayo sisi tulioko wodini tunaiona zaidi.

Mama mmoja muuza ndizi alitumiwa ujumbe wa aina hii akatuma fedha zote za ada. Mtoto alikuwa mzima darasani. Akaapa kwamba hatadanganywa tena. Muhula uliofuata akapigiwa na namba asiyoijua: mtoto anaumwa tumbo, yuko hospitali, tunahitaji ridhaa yako kwa upasuaji. Akatukana, akakata, akaifungia namba ile. Safari hii ilikuwa kweli. Kijana alikuwa na kidole tumbo. Ilichukua nusu siku kumpata mjomba wake aliyekuwa Mbalizi, na kijana akafanyiwa upasuaji akiwa na maumivu makali. Alipona, nashukuru. Lakini kidole tumbo kikicheleweshwa kinaweza kupasuka na usaha ukasambaa tumboni, na hapo tunazungumzia uhai.

Ndiyo maana siwaambii wazazi, "Msipokee simu za watu msiowajua." Ushauri huo unamkinga mzazi na kumwacha mtoto. Sisi tunapiga simu za kweli kila siku: majibu ya kipimo cha kifua kikuu yametoka, mtoto wako aliyechukuliwa vipimo arudi haraka, mgonjwa wako amezidiwa. Anayezifungia namba zote anajifungia na hizo.

Kinachotakiwa ni uthibitisho. Mkate aliyekupigia, kisha upige wewe. Usipige namba aliyokupa yeye. Piga ile uliyoihifadhi siku ukiwa na utulivu. Kama ni kweli, utapoteza dakika tatu. Kama ni uongo, umeokoa ada ya mwaka.

Taarifa zako ni mali

Wengi wanasema, "Mimi sina hela kwenye simu, wataniibia nini?" Wanaweza kukuibia wewe mwenyewe. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ukimpa mtu namba hiyo na jina lako kamili, umempa mwanzo mzuri wa kujifanya wewe. Anayeitumia bima yako kwa hila hali fedha za mfuko tu. Magonjwa yake yanaingia kwenye faili lako. Siku ukiletwa umezimia, daktari anasoma kwamba una kisukari usicho nacho, au haoni kwamba dawa fulani inakudhuru. Na anayejua una ugonjwa ambao hujamwambia jirani anaweza kukutisha nao.

Sheria inalitambua hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawafuata matapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Daftari la mapokezi lenye jina lako na ugonjwa wako halipaswi kuachwa wazi juu ya meza.

Nasi watumishi tusijidhani tuko salama. Machi 2021, mfanyakazi mmoja wa huduma za afya za Ireland alifungua faili lililoambatanishwa kwenye baruapepe ya hila. Wahalifu wakaingia kimya kimya, wakakaa ndani ya mfumo kwa wiki 8, na tarehe 14 Mei wakafunga kompyuta za hospitali nchi nzima. Kliniki ziliahirishwa, madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi, taarifa za wagonjwa zikaibwa, na kurudisha mifumo kulichukua miezi. Yote yalianza kwa faili moja. Hospitali zetu nazo zimehamia kwenye kompyuta. Muuguzi anayefungua baruapepe ya "ajira Ughaibuni" kwenye kompyuta ya wodi anaweza kuufungua mlango wa hospitali nzima.

Kinga ya nyumbani

Kwanza, andika leo, kwenye simu na kwenye karatasi ukutani, namba za mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na matroni au patroni. Zichukue kwao ana kwa ana siku ya kumtembelea mtoto. Ongeza ya kituo cha afya kilicho karibu na shule.

Pili, wekeni neno la siri la familia. Neno dogo ambalo mgeni hawezi kulikisia, labda jina la ng'ombe wa babu. Ndugu anayepiga kwa namba mpya akiomba hela, aulizwe neno.

Tatu, kubalianeni kwamba hela ya dharura haitumwi na mtu mmoja. Baba amwambie mama, mama amwambie shangazi. Watu wawili wanahofu kidogo kuliko mmoja.

Nne, waelezeni wazee. Bibi aliyeko Rungwe mwenye simu ya tochi analengwa zaidi kuliko wewe. Mwambie kwamba watoa huduma za simu hupiga kwa namba 100 tu, na kwamba namba ya siri haiombwi na mtu yeyote, hata mjukuu wake.

Tano, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe.

Huduma ya kwanza ukishanaswa

Usikae na aibu. Kila dakika ina thamani. Piga 100 kwa mtandao wako, eleza muamala na uombe uzuiwe. Kama umetaja namba ya siri, ibadilishe papo hapo; kama ni ya benki, ijulishe benki ifunge kadi. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli. Nenda polisi upate RB, maana bila hiyo ufuatiliaji ni mgumu. Kisha waambie wazazi wenzako, kwa sababu tapeli huyo bado anapiga simu.

Halafu jiangalie wewe. Baada ya tukio kama hili watu wanakosa usingizi, moyo unadunda, presha inapanda kwa wenye nayo. Wengine wanaficha mpaka ndoa inatikisika. Njoo kituoni upimwe na uzungumze. Nanyi wa nyumbani, msimcheke. Anayechekwa leo, kesho akinaswa hatasema, na ukimya huo ndio mtaji wa tapeli.

Tusimwachie mzazi peke yake

Hapa nina neno kwa wenye mamlaka. Kampeni kama Sitapeliki ni nzuri, lakini mzigo wote unamwangukia mwananchi: awe makini, awe mjanja. Januari 2020 tulifika mwisho wa usajili wa laini kwa alama za vidole tukitegemea matapeli watakosa pa kujificha. Bado wapo, wengine wakitumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine. Ripoti za TCRA za mwaka 2023 na 2024 ziliitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli. Kama mahali panajulikana, na wakala aliyesajili laini anajulikana, wakala naye aulizwe.

Hospitali na vituo vya afya tubandike tangazo kubwa mapokezi na kwenye kila wodi: "Hatuombi malipo kwa namba binafsi. Namba yetu ya kuuliza ni hii." Anapolazwa mgonjwa, ndugu aambiwe hivyo kwa mdomo, kama anavyoambiwa muda wa kuona wagonjwa. Tunapompigia mzazi, tuwe sisi wa kwanza kusema, "Kata, kisha piga namba ya mapokezi uulize." Shule nazo zitoe namba rasmi moja siku ya kuripoti, na zisiibadilishe kila mwalimu anapohama.

Wiki hii, kabla shule hazijafunga, chukua simu yako utafute namba ya matroni. Kama hunayo, mpigie mzazi mwenzako, kisha nenda shuleni uithibitishe. Siku utakapoambiwa mwanao amelazwa, iwe kweli au uongo, hiyo ndiyo namba utakayoihitaji.

Mwandishi ni daktari wa binadamu, anafanya kazi Iyunga, Mbeya.